Gelai, Kitumbeine au Loolmalasin: upande mlima upi kiangazi hiki?

Watu wa Arusha na Moshi waliokwisha panda Meru na Kilimanjaro huulizana swali lile lile kila ukavu unapokaribia: twende wapi ambako hakuna geti la kuanzia safari, hakuna vibao, hakuna njia iliyochongwa? Majibu huwa matatu, na yote yanafikika kwa gari kutoka Arusha ndani ya siku moja. Gelai upo kusini mashariki mwa Ziwa Natron. Kitumbeine ni jirani yake wa kusini mashariki, katika wilaya hiyo hiyo ya Longido. Loolmalasin ndio mkubwa wa nyanda za juu za Ngorongoro na wa tatu kwa urefu Tanzania, ingawa ukiutaja mjini nusu ya watu watakuuliza hilo ni jina la ukoo gani.

Ol Doinyo Lengai, volkano hai iliyo jirani na Ziwa Natron, nimeuacha makusudi. Ni mkali, una mteremko unaochosha magoti ya vijana, lakini una njia inayojulikana na waongozaji wa kijiji cha Engare Sero huupanda usiku kwa usiku wakiwa na wageni. Hapa tunazungumzia milima ambayo ukifika chini yake unaulizwa, "Unataka kupandia wapi?" na jibu ni lako.

Wengi huanza kulinganisha kwa urefu. Mimi urefu nauweka mwisho. Kwenye mlima usio na njia mambo mawili ndiyo huamua kama safari itakuwa nzuri au ya kusimuliwa kwa majuto: maji utayapata wapi, na utashukaje. Ukipima kwa vigezo hivyo, mlima mrefu kuliko yote mitatu ndio unaokuwa rahisi kuliko yote.

| | Gelai | Kitumbeine | Loolmalasin |
|---|---|---|---|
| Urefu | m 2,942 | m 2,858 | m 3,682 |
| Mwinuko wa kupanda kwa miguu | zaidi ya m 2,000 ukianzia upande wa ziwa | kama m 1,500, kutegemea boma unaloanzia | m 1,000 hadi 1,300 |
| Kinachokumaliza | joto na kiu | msitu | baridi na ukungu |
| Wa kuonana nao kwanza | kijiji, halmashauri na watu wa misitu | kijiji, halmashauri na watu wa misitu | Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro |
| Muda | siku 2, kulala mlimani | siku 2 | siku 1, ukiwa umelala jirani |

Namba za urefu hutofautiana kwa makumi ya mita kutoka ramani moja hadi nyingine, kwa hiyo usigombane na mwenzako juu yake.

Kiangazi kipi?

Tuna ukavu wa aina mbili. Kuna ule mfupi wa Januari na Februari, uliobanwa katikati ya vuli na masika, na kuna ule mrefu wa Juni hadi Oktoba unaoanza na baridi ya kipupwe na kuishia kwenye vumbi. Kwa milima hii mitatu, tofauti yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Januari nyasi ni kijani, mabwawa yana maji ya vuli, na hewa imesafishwa na mvua kiasi kwamba ukiwa juu ya Gelai asubuhi unaweza kuiona Kilimanjaro upande wa mashariki. Tatizo ni joto. Kando ya Natron, ambako ziwa lipo kwenye kina cha Bonde la Ufa kama mita 600 tu juu ya usawa wa bahari, kupita nyuzi 40 mchana si habari. Tatizo la pili halionekani kwenye utabiri wa hali ya hewa: watu wameshuka. Majani yakiwa mengi tambarare, wafugaji hawana sababu ya kupeleka ng'ombe mlimani. Mapito ya mifugo yaliyokuwa wazi mwezi wa tisa yanafunikwa na nyasi za vuli, na mabondeni juu hukuti kijana wa kumuuliza.

Agosti na Septemba mambo yanageuka. Malisho ya chini yamekwisha, mifugo imepandishwa, na mlima una watu mpaka sehemu za juu. Mapito yamekanyagwa upya kila siku. Unasikia kengele za ng'ombe, unaona moshi, na ukipotea kuna wa kukuelekeza. Gharama yake ni vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa, hasa kuelekea Oktoba, hivyo picha za mbali zinakuwa za kijivu. Kama unakwenda kwa ajili ya kuona, nenda Februari mapema. Kama unakwenda kwa ajili ya kufika na kurudi, nenda Agosti.

Loolmalasin una masharti yake. Kuanzia Juni pepo za kusi hupandisha mawingu kwenye miteremko ya mashariki ya nyanda za Ngorongoro, na wakati wenzako walio Natron wanakaangwa, wewe huko juu unaweza kutembea asubuhi nzima usione mita 50 mbele yako. Septemba hupumua kidogo. Januari na Februari ndiyo miezi ninayoipendelea kwa mlima huu, maana huku baridi haiumi sana na jua ni rafiki.

Na kuna jambo ambalo kiangazi chetu hakitupi, kiwe cha Januari au cha Agosti. Wenzetu wa Ulaya wakipanga kupanda milima yao kiangazi wanahesabu mchana wa saa 16 au zaidi. Wao wakichelewa saa tatu, bado wanashuka na mwanga. Sisi tuko karibu na nyuzi 3 kusini mwa ikweta: jua linachomoza kama saa 12 na nusu asubuhi, linazama kama saa 12 na nusu jioni, mwaka mzima, na giza likianza halina mazungumzo. Kila hesabu ya mlima usio na njia inaanzia kwenye hizo saa 12.

Maji

Hapa ndipo Gelai unapojitenga na wenzake. Mlima wote ni mkubwa, umejengwa na lava za kale zilizotiririka mbali, na upande wa ziwa makorongo yake yana mawe na mchanga bila tone. Mtu anayepanda kwenye joto lile anahitaji lita 5 hadi 6 kwa siku. Siku mbili ni lita 10 hadi 12, yaani kilo 10 hadi 12 mgongoni kabla hujaweka hema, chakula wala koti. Ndiyo maana watu wengi wanaosema "tutaupanda Gelai kwa siku moja, mizigo iwe myepesi" huishia kwenye mabega ya kwanza ya mlima saa sita mchana wakitafuta kivuli.

Njia ya kulitatua ni punda. Kinamama wa maeneo yale hubeba maji kwa punda kila siku, madumu ya lita 20 yamefungwa mawili mawili, na mnyama huyo hupanda mpaka mahali ambapo mteremko unaanza kuwa wa mawe. Kukubaliana na familia moja ikupandishie madumu mawili hadi kambi ya katikati, kisha punda ashuke, ni fedha iliyotumika vizuri kuliko viatu vipya. Ukiacha dumu moja limefichwa hapo kwa ajili ya kushukia, siku ya pili unatembea na akili yako timamu.

Kitumbeine una msitu mkubwa zaidi, na misitu ya milima hii iliyozungukwa na nyika ndiyo matangi ya vijiji vya chini: inanasa ukungu na kuyaachia maji polepole. Kwa hiyo maji yapo, ila yapo mahali fulani, na mahali hapo panajulikana na wenyeji peke yao. Usipange kuyakuta kwa kufuata korongo. Korongo la Kitumbeine mwezi wa tisa linaweza kuwa kavu kilomita nzima kisha likatoa dimbwi chini ya mwamba, na hutajua kama uko juu yake au chini yake. Visima na chemchemi za Wamasai vina wenyewe na vina zamu. Kuomba kujaza chupa kunakubalika karibu kila mahali, lakini kuosha miguu au sufuria kwenye birika la mifugo kutakufanya usikaribishwe tena, wewe na watakaokuja baada yako.

Loolmalasin kwenye suala hili una raha yake. Baridi inapunguza kiu, lita 3 zinatosha mtu kwa siku ya kupanda na kushuka, na unalala karibu na gari. Vijito vipo, lakini ng'ombe wapo pia, kwa hiyo chemsha au tia dawa.

Kushuka ndiko kunakopoteza watu

Mlima usio na njia hukudanganya wakati wa kupanda. Migongo ya milima hii yote inaanzia chini ikiwa mingi na kukutana juu. Ukipanda kwa mgongo wowote, hata kama ulikosea wa kuanzia, mguu wako unajielekeza kileleni wenyewe. Unafika, unapiga picha, unajiona bingwa wa dira. Kisha unageuka, na ule mgongo mmoja uliokuwa wazi unakuwa kama vidole vya mkono uliopanuliwa: unagawanyika mara mbili, kila tawi linagawanyika tena, na yote yanaonekana sawa.

Kwenye volkano pana kama Gelai na Kitumbeine kosa la juu ni dogo sana na matokeo yake chini ni makubwa sana. Ukiteremka kilomita 8 huku umekosea mwelekeo kwa nyuzi 20 tu, kiasi ambacho jicho halikitambui msituni, unatokea karibu kilomita 3 kando ya ulikotoka. Kati yako na gari kuna makorongo ya kuvuka, kila moja na kingo zake, na jua linazama. Wengine hutokea upande mwingine kabisa, kwa watu ambao hawakuwaona wakipanda na hawajui gari lao liko wapi.

Dawa yake inafanywa wakati wa kupanda. Kila mgongo wako unapokutana na mwingine, simama, geuka, utazame ulikotoka kwa macho ya mtu anayeshuka. Piga picha ukielekea chini. Weka alama kwenye simu. Kama kuna mti wenye umbo la ajabu, mtaje kwa sauti ili kundi zima likumbuke. Simu ikiwa imerekodi mstari wa mlikopita, vizuri, lakini simu huanguka, na baridi ya Loolmalasin hula betri. Mtu mmoja kati yenu aandike kwenye karatasi saa na mwelekeo wa dira kwenye kila makutano. Ni kazi ya nusu dakika.

Ulinganisho wa milima mitatu kwa kigezo hiki uko hivi. Loolmalasin sehemu kubwa ni nyasi na vichaka, hivyo hewa ikiwa safi unauona mgongo wako mpaka chini, unaona bonde la Embulbul na mabati ya nyumba yakimetameta. Ukungu ukishuka faida hiyo inafutika, lakini pamoja nawe kuna askari wa Mamlaka ya Ngorongoro anayeijua ardhi. Gelai una sehemu za chini zilizo wazi, na kwa upande wa magharibi ziwa lenyewe ni alama isiyokosewa: ukiliona mahali linapopaswa kuwa, uko sawa. Utata wake ni ukanda wa msitu juu. Kitumbeine ndio mgumu. Juu ni kupana, kumejaa miti, na unaweza kutembea muda mrefu ukiwa "kileleni" bila kujua sehemu ipi hasa ndiyo ya juu kuliko nyingine. Huoni ziwa, huoni tambarare, unaona majani. Kwa mlima huu sikushauri kwenda bila mtu aliyewahi kuingia msitu ule, hata kama una ramani zote za dunia kwenye simu.

Ndani ya msitu kuna jambo moja la kujifunza mapema. Njia utaziona, tena nzuri, zimekanyagwa vizuri. Swali ni za nani. Pito la watu na ng'ombe lina matawi yaliyokatwa kwa sime usawa wa bega, na vikwato vilivyosagana bila kufuatana. Pito la nyati linapita chini ya matawi ambayo hayajakatwa kamwe. Ukijikuta umeinama hatua baada ya hatua, na pembeni tope limepakwa kwenye magogo kufikia kiuno chako, aliyetengeneza barabara hiyo si mtu, na huenda bado anaitumia. Rudi mpaka mahali mlipoacha dalili za sime. Ongeeni kwa sauti. Nyati aliyesikia watu mapema huondoka. Anayeshtuliwa kwenye kona ndiye wa hatari.

Vibali, salamu na malipo

Loolmalasin upo ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, eneo lililotengwa tangu 1959 ambako wafugaji na wanyamapori wanaishi pamoja. Kwa hiyo utaratibu ni wa Mamlaka: kibali cha kuingia, ambacho huhesabiwa kwa saa 24, ada ya gari, na askari mwenye silaha wa kutembea nanyi. Malipo ni kwa namba ya udhibiti, kama kila kitu cha serikali siku hizi. Maliza hayo kabla hujafika getini, maana mtandao ukisumbua pale asubuhi, saa zako 12 za mchana zinaanza kuliwa. Mtanzania analipa kwa shilingi na kiasi si cha kutisha. Ukiwa na rafiki wa kigeni, gharama yake inaweza kuzidi ya kundi zima, na hapo ndipo Gelai na Kitumbeine huanza kuvutia.

Saa 24 hizo zina ujanja wake. Wanaoingia getini asubuhi hulazimika kupanda na kutoka kwa haraka. Ukiingia mchana, ukaenda polepole hadi upande wa kijiji cha Nainokanoka, jirani na mlima, ukalala, ukapanda alfajiri na kutoka kabla ya muda ule ule wa mchana, umepata mlima kwa kibali cha siku moja. Inataka nidhamu. Kama kundi lenu lina mtu asiyeamka, lipia siku mbili na msigombane.

Kwenye barabara ya Natron, ukipitia Mto wa Mbu na Engaruka, utakutana na vizuizi vya halmashauri zinazotoza wageni. Chukua stakabadhi kila mahali na uzihifadhi mpaka umerudi lami. Misitu ya juu ya Gelai na Kitumbeine ni ya hifadhi, kwa hiyo barua au simu kwenda ofisi ya wilaya Longido kabla ya safari inakuepusha na maswali kijijini. Kitumbeine hufikiwa vizuri zaidi kwa kupitia Longido penyewe, mji ulio kwenye barabara ya Arusha kwenda Namanga, kisha kukata magharibi kwa barabara ya vumbi.

Kijijini usianze na bei. Wazee hupewa shikamoo, unauliza mvua, unauliza mifugo, unaketi. Mwenyekiti wa kijiji au mtendaji ajue mko wangapi na mnarudi lini. Baada ya hapo ndipo suala la vijana wa kuongozana nanyi linaletwa, na mara nyingi litatatuliwa na mzee mwenyewe kwa kuita jina fulani kwa sauti.

Hapo uliza swali moja muhimu: kijana huyu amefika wapi? Mchungaji anaijua ardhi mpaka nyasi zinapoishia, na anaijua kuliko ramani yoyote. Juu ya hapo ng'ombe hawana shughuli, na yeye pia hakuwa nayo. Anayekufaa kwa msitu wa Kitumbeine ni yule aliyewahi kukaa orpul huko juu, ile kambi ya msituni ambako vijana huenda kula nyama na kunywa supu ya mizizi, au anayeingia msituni kutafuta asali na dawa. Chukua wawili badala ya mmoja. Mtu akiumia, mmoja anabaki na mwingine anakwenda kuita watu. Na kubaliana kabisa kuhusu chakula: nani anabeba, nani anapika, wanakula nini. Nimeona makundi yaliyopanga kila kitu kwa gramu yakasahau kwamba waongozaji wao nao wana tumbo.

Joto, baridi na msaada

Kanuni ya kawaida ni kwamba joto hupungua kama nyuzi 0.6 kila mita 100 unazopanda. Kutoka ziwani mpaka kilele cha Gelai ni tofauti ya nyuzi 14 hivi, kwa hiyo mtu aliyeondoka chini akiwa amelowa jasho anaweza kulala akitetemeka. Kwenye Loolmalasin, usiku wa Julai, umande juu ya hema unaweza kuganda. Kofia ya sufu, glavu na koti la mvua ni lazima huko; Gelai glavu zinahitajika kwa sababu nyingine, miiba na mawe ya lava yanayokwaruza. Suruali ngumu na soksi ndefu ni kwa milima yote mitatu, kwa ajili ya majani yanayowasha na moma aliyelala kwenye nyasi.

Mita 3,682 zinatosha kuleta kichwa kuuma kwa mtu aliyetoka Dar es Salaam jana yake. Kulala usiku mmoja kwenye nyanda zenyewe, ambako tayari uko juu ya mita 2,300, husaidia sana. Ukizidiwa, dawa ni kushuka, na uzuri wa Loolmalasin ni kwamba kushuka mita 500 ni saa moja.

Gelai una shida ya ratiba ambayo wenzake hawana. Joto linataka uanze usiku, kama wanavyofanya Lengai. Kukosekana kwa njia kunataka uanze mchana. Suluhisho ni kugawa mlima. Siku ya kwanza ondoka saa kumi alfajiri kwenye sehemu za chini, ambako mapito ya mifugo ni mapana na tochi ya kichwani inatosha. Saa nne asubuhi uwe umefika kambi ya katikati, utulie kivulini mchana kutwa. Siku ya pili panda msitu na kilele kulipopambazuka, bila mzigo mzito, ushuke kambini, kisha umalizie jua likipoa.

Mkiwa hapo, wazee watawasimulia 2007. Mwezi wa Julai mwaka huo ardhi ilitikisika kwa majuma, tetemeko kubwa kuliko yote lilikuwa la tarehe 17, la ukubwa wa 5.9, na lilisikika mpaka Nairobi. Magma ilijipenyeza chini ya upande wa kusini wa Gelai na kuupasua uso wa ardhi, bila kutoka nje. Septemba ikawa zamu ya Lengai kulipuka. Gelai wenyewe ulibaki kimya, lakini ukitembea miteremko ya kusini tazama unapokanyaga na usitegemee kwamba ramani ya zamani inajua kila ufa.

Msaada wa haraka haupo kwenye mlima wowote kati ya hii. Hakuna kikosi kama cha Kilimanjaro. Ndege za Amref Flying Doctors kutoka Nairobi zinahitaji kiwanja cha kutua, na mgonjwa lazima kwanza abebwe mpaka hapo. Kutoka Loolmalasin kuna askari mwenye redio, na Karatu yenye hospitali iko ndani ya saa chache za gari. Kutoka Gelai ni mbali na vumbi. Mtandao wa simu unakuja na kuondoka: mara nyingi juu ya mgongo unapata, korongoni hupati, hivyo mwenye kubaki na mgonjwa chini na mwenye kupanda kutafuta mtandao wajulikane tangu mwanzo. Pakua ramani kabla ya kuondoka mjini, kwa sababu bando halitakusaidia kitu mahali pasipo na mnara.

Nani aende wapi

Kwa kundi la mara ya kwanza nje ya njia zilizochongwa, jibu langu ni Loolmalasin, bila kusita. Unapanda kidogo, unaona mbali, una askari, na ukishindwa hujapoteza zaidi ya siku. Wanaolalamika kwamba kuwa na askari si "kupotelea porini" wapande kwanza siku ya ukungu.

Gelai ni wa watu wanaojuana, wenye fedha ya punda na subira ya kukaa kivulini saa sita mchana bila kugombana. Tuzo yake ni ziwa lile jekundu chini yako, Lengai ukiwa mbele, na heroe wakionekana vidoti vya waridi kwenye kingo. Mtu mmoja asiyeweza joto kwenye kundi anatosha kuufanya uwe mlima usiofaa.

Kitumbeine sipendekezi kwa anayetaka picha ya kileleni. Picha yenyewe itakuwa ya miti. Ni mlima wa mtu anayependa msitu, ndege, ukimya na mazungumzo ya jioni na vijana wa orpul, na aliyekwisha shuka mlima mwingine gizani akajua hapendi. Ukienda, nenda Agosti, watu wakiwa juu na mifugo.

Mlima wowote mtakaouchagua, kubalianeni saa ya kugeuka mkiwa bado chini, kila mtu akiwa ameshiba na hajachoka. Kwangu ni saa saba mchana, kilele kifikiwe kisifikiwe. Mwambieni kiongozi wenu wa kijijini saa hiyo, mpeni ruhusa mbele ya kundi zima awageuze, na mwambieni kabisa kwamba malipo yake hayapungui msipofika.